Wachumba Watatu wa Mashati Kumi na Manne

Siku tatu kabla ya kwenda kutetea tasnifu yake chuoni, mjukuu wa kike alimkalisha Bibi kwenye kiti cha mbao katikati ya sebule, akamwambia, "Leo wewe ndiye jopo."

"Jopo ndiyo nani tena?"

"Wale walimu watatu watakaonihoji Ijumaa. Kunja uso, usicheke."

"Na makunyanzi haya niliyonayo, nikikunja uso utanipata wapi tena?" Bibi akasema. Lakini akakunja, maana mjukuu huyu hakuwahi kumwomba jambo akamkatalia.

Sebule yenyewe ilikuwa imemezwa na karatasi. Zilikuwa juu ya kabati, juu ya redio, nyingine zimebanwa kwenye pazia kwa pini za kushonea. Bibi alisoma mpaka darasa la nne, na hata sasa husoma kwa kufuatisha kidole, neno moja moja, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Lakini kusikiliza anajua. Miaka mitatu alikuwa akimsikiliza mtoto huyu akisoma kwa sauti, na mengi yalikuwa yamemwingia bila hodi.

Tasnifu ilihusu kazini kwa Bibi. Katika chumba cha kushonea, ambako Bibi amekaa nyuma ya cherehani miaka ishirini na sita, wanawake kumi na mmoja hushona mashati ya shule. Mshahara wao ni mmoja, wa mwezi. Kila jioni kengele ikilia, kila mwanamke hupeleka mzigo wake kwenye meza ya kupokelea, ameufunga kwa utepe na kuuchora alama yake kwa chaki: huyu msalaba, huyu mistari miwili, Bibi duara. Na kila mzigo una mashati kumi na manne. Si kumi na matatu, si kumi na matano. Wasimamizi wamekuja na kuondoka, vyerehani vya kukanyaga vimekwenda, vimekuja vya umeme, na kumi na manne yapo palepale. Hakuna aliyeyaandika popote. Kilichoandikwa ukutani ni kwamba atakayeshuka chini ya kumi na mawili wiki nzima atapewa barua ya kupumzishwa.

Mjukuu alipokuwa mdogo, akicheza na vipande vya vitambaa chini ya meza, aliuliza: mbona kumi na manne? Akaambiwa amalize chakula chake. Alipofika chuoni akaagizwa achague jambo moja katika jamii, achukue nadharia tatu za wataalamu, apime ipi inalieleza vizuri zaidi. Wenzake walichagua mambo mazito: uhalifu, siasa, ndoa kuvunjika. Yeye akarudi na swali lake la chini ya meza. Bibi aliposikia hivyo alikwenda jikoni akajifanya anatafuta mwiko, akakaa huko mpaka macho yalipokauka.

"Jopo liko tayari," Bibi alisema sasa, uso umekunjwa. "Walete wachumba."

Wachumba ndilo jina alilozipa zile nadharia. Aliona zote tatu zimekuja kumposa binti mmoja, na kila moja inajisifia kwao. Majina yao ya kitabuni yalikuwa marefu kama foleni ya hospitali, kwa hiyo aliwapa ya kwake.

"Wa kwanza Mwili," mjukuu akaanza, amesimama wima. "Yeye anasema jamii ni kama mwili wa mtu. Kila kiungo kina kazi yake, na kimoja kikiumwa kingine kinabeba mzigo, ili mwili usianguke. Wa pili Kamba. Anasema jamii ni watu wanaovutana, mwenye nguvu upande huu, asiye nazo upande ule. Kumi na manne ni mahali ambapo kamba imesimama. Wafanyakazi wamekubaliana kimyakimya wasizidishe, kwa sababu wakizidisha leo, kesho wataamriwa kumi na manane. Wa tatu Macho. Anasema mtu anaishi machoni mwa wenzake. Anafanya hivi au vile kwa jinsi wanavyomtazama, wanavyomtania, na maana wanayolipa jambo hilo."

"Wote wana maneno matamu."

"Ndiyo maana hatuwapimi kwa maneno. Tunamuuliza kila mmoja: kama unasema kweli, kesho tutaona nini? Halafu tunaingoja kesho."

Hapo ndipo Bibi alipompendea mtoto huyu. Watu aliowajua yeye walikuwa wakisikia neno la mkubwa wanaitikia, au wakilichukia wanalitupa. Huyu alilichukua neno la mtu mwenye vitabu arobaini, akakaa nalo kando ya njia kama anayemngoja mgeni, kuona kama kweli litafika.

Na alikuwa amekaa nalo miezi minne, pale dirishani karibu na meza ya kupokelea, na daftari lake, hata wanawake wakambandika jina hilohilo, Daftari. Mwili alisema mmoja asipokuja wenzake watajaza pengo. Mama Pacha, mmoja wa washonaji, alipokuwa hospitalini na wanawe, jumla ikashuka kwa kumi na manne kamili, hakuna aliyejaza hata kola. Mwili akaanguka. Macho alisema atakayezidisha atataniwa, na kweli, siku mshonaji aitwaye Treni alipojisahau akafikisha kumi na matano aliimbiwa mpaka akalifumua moja. Macho akapata alama kidogo. Kisha msimamizi akatangaza siku nzima ya mapumziko kwa atakayepita kumi na manne. Hakupita mtu. Kamba akang'ara kama sufuria mpya.

"Kwa hiyo," mjukuu akamalizia, "nahitimisha kuwa Kamba ndiye anayelieleza jambo hili vizuri kuliko wenzake." Akamtazama Bibi, akacheka. "Yaani hapo ndipo umekunja uso sawasawa! Umekuwa profesa kabisa."

Bibi hakuwa anaigiza.

Kwa sababu Bibi hakuwa anashona mashati kumi na manne. Tangu macho yalipoanza kumwekea ukungu, miaka mitano sasa, alikuwa anashona tisa. Matano yalishonwa na mikono mingine, yakafungwa kwenye utepe wake, yakachorwa duara. Mama Pacha naye alipungukiwa matatu. Wenye mbio walikuwa wakimaliza yao mapema, wakajinyoosha mgongo, wakasogea na kuchukua vitambaa vya wenye pungufu bila kusema lolote. Mgeni mwenye kalamu alipoingia, shughuli hiyo ilihamia saa ya chakula cha mchana. Na saa hiyo, kila siku kwa miezi minne, Bibi alimchukua mjukuu wake nje, wakala pamoja kwenye ngazi za nyuma, akimchelewesha kwa hadithi. Mjukuu alikuwa ameandika mwanzoni mwa tasnifu kwamba milo ile ndiyo iliyompa nguvu ya kuendelea.

Binti alihesabu chaki, akadhani anahesabu mikono.

*

Kesho yake saa ya chai, mjukuu akiwa chuoni, Bibi akakohoa. "Jamani, nina neno."

"Sema upesi, chai yangu inapoa," alisema Treni, yule mwenye mbio kuliko wote.

"Mtoto anakwenda Ijumaa kusimama mbele ya walimu wake aseme uongo. Na uongo wenyewe ni wetu."

Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote mle ila amekaa karibu na mlango muda mrefu hata akapewa cheo, aliweka kikombe chini.

"Uongo gani? Aliuliza kila mtu anapeleka mangapi, tukasema kumi na manne. Yanapelekwa, hayapelekwi?"

"Yanapelekwa."

"Basi."

"Shangazi, alama ya chaki kaifanya ndiyo mkono wa mtu. Kajenga juu yake nyumba nzima."

"Si msomi? Angejiongeza."

"Angejiongezaje na mimi namtoa nje kila mchana kama mbuzi wa kupelekwa malishoni?"

Mama Pacha alikuwa ameshaanza kupepesa macho. "Kitabu hicho si lazima nakala apewe msimamizi? Ndilo sharti la ruhusa aliyopewa, nilisikia. Mimi nashona kumi na moja, tena siku wale mapacha wameniacha nikalala. Nikipewa barua, nawapeleka wapi wanangu, Bibi?"

"Ndiyo maana sijafungua mdomo. Siri si yangu peke yangu. Mkisema hapana, ninanyamaza. Ijumaa nitakwenda na nitampigia makofi."

"Utaweza?" Treni akauliza.

"Nitaweza. Ila sitamtazama usoni."

Treni akamalizia chai yake yote kwa mkupuo mmoja. "Huyo mtoto kanichosha mimi, mnajua? Mama Treni, mbona umesimama? Mama Treni, mbona umekaa? Nimekwenda msalani, narudi, kaandika saa niliyotoka na saa niliyorudi!" Wakaangua kicheko. "Lakini kuna siku nilimtazama. Jumla yake ilitoka na upungufu wa shati moja. Angeweza kuandika tu, nani angejua? Akarudi kufungua mizigo yote kumi na mmoja, hesabu upya, akakuta kosa ni lake, akauchana ukurasa mzima na kuanza tena. Fundi anayeifumua kazi yake mwenyewe bila kuambiwa na mtu, mimi siwezi kumvisha shati la uongo. Nitamwonea haya."

Shangazi akaizungusha pete kidoleni mara mbili tatu, halafu akatoa hukumu.

"Mwambie. Lakini jina la mtu hapana, na alama ya mtu hapana. Aseme wapo. Asiseme nani. Mama Pacha, unasemaje?"

Mama Pacha akafuta uso kwa pindo la aproni. "Aseme wapo," akasema, kwa sauti ndogo.

*

Bibi alimwambia jioni ileile, hata viatu hajavua. Aliogopa akikaa ataahirisha. Alisema yote, mpaka ya ngazi za nyuma.

Mjukuu alisikiliza amesimama. Ilipofika kwenye ngazi za nyuma, akamkatiza. "Kwa hiyo zile hadithi..."

"Hadithi zilikuwa za kweli, mama. Sababu ya kuzihadithia ndiyo ilikuwa na kona."

Binti akaenda kwenye pazia, akachomoa pini, akaishusha ile karatasi kubwa yenye jedwali. Bibi akajua sasa ataichana, na ana haki. Lakini aliilaza sakafuni, akapiga magoti mbele yake na penseli.

"Wewe mangapi?"

"Tisa. Siku macho yakiwa na huruma, kumi."

"Wengine?"

"Nimekatazwa."

"Sawa. Usiniambie." Akafikiri. "Mama Pacha alipokuwa hospitalini, mbona hawakumshonea yake? Kama wanasaidiana, si wangesaidia hapo?"

"Kwa nini? Asiyekuwepo ana ruhusa, nani atamcheka? Aliyepo ndiye akipungua anaonekana."

Mjukuu akaacha kuandika. Akamtazama Bibi kama vile ukuta umesema. "Rudia."

Bibi akarudia.

"Bibi, unajua umenifanyia nini?"

"Nimekubomolea nyumba. Siku mbili kabla ya kuhamia."

"Umeibomoa kweli." Na huku akisema hivyo alikuwa anaandika, mwandiko unakimbia, machozi yanamtoka na uso unacheka, yote mara moja, kama mvua ya jua. "Ungeninyamazia ningefaulu, ujue."

"Najua. Lakini mficha uchi hazai."

"Na wewe leo umezaa, mke mwenzangu. Umezaa matatizo mapacha. Nipe ile rula."

Siku iliyofuata hakutoka nje. Bibi alirudi kutoka kazini akamkuta palepale sakafuni, amezungukwa na karatasi, sahani ya asubuhi haijaguswa. Hakuwa ameificha hata tarakimu moja ya zamani. Alizipigia mstari mmoja mwembamba, zikisomeka chini yake, na pembeni akaandika: hapa nilikosea.

*

Chumba cha utetezi kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, na feni iliyolalamika kila ilipogeuka kushoto. Wanajopo walikuwa watatu: mwalimu mmoja kijana, mama mmoja mnene mwenye kalamu nyekundu, na mwenyekiti, mzee mwembamba aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi. Bibi alikaa nyuma kabisa, mkoba magotini.

Mjukuu hakuzunguka. Alianza kwa kusema kuwa jedwali la sura ya nne, walilolisoma na kulisifu wiki iliyopita, lina kosa, na kosa ni lake. Alieleza alivyohesabu alama za chaki akidhani ni kazi ya mkono wa mtu mmoja, na alivyokuja kujua kwamba wapo wanaoshona pungufu na wapo wanaoshona zaidi, na ziada inahamia kwenye upungufu kabla ya kufika mezani. Kisha akawarudia wachumba wake, safari hii kwa majina yao marefu ya kitabuni, lakini Bibi aliwatambua kila mmoja kwa mwendo wake.

Kamba, alisema, anaeleza vizuri kwa nini hakuna anayevuka kumi na manne. Haelezi kwa nini hakuna anayeshuka. Mwili anaeleza kwamba mzigo unahama kutoka kwa dhaifu kwenda kwa mwenye nguvu. Haelezi kwa nini unahama kwa aliyepo, na hauhami kwa aliye hospitalini. Macho anaeleza aibu ya aliyepungua. "Lakini aibu ni ya aliyepungua," akasema, "na anayeumia mgongo ni mwingine. Kwa nini aibu yangu iuchoshe mkono wako? Hapo na yeye ananyamaza. Kila nadharia imenionyesha mlango ambao nyingine haikuuona. Hakuna iliyoniingiza mpaka chumbani."

Bibi alijikuta amekamata mkoba kwa mikono miwili. Alikuwa akishonewa miaka mitano, na hakuwahi kusikia jambo lile likisemwa wazi hivyo, vipande vyake vyote mezani, kama shati kabla ya kuunganishwa.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Hayo ya ziada kuhama, uliyaona kwa macho yako?"

"Hapana."

"Uliambiwa."

"Niliambiwa na mtu wa ndani."

"Nani?"

"Niliahidi sitasema, mwalimu. Wala alama zao sitasema."

"Binti, huo si utafiti. Huo ni umbea uliovaa koti." Yule mwalimu kijana akatabasamu, mama mnene hakutabasamu. "Unataka kuvunja data za miezi minne kwa neno la mtu asiye na jina. Bila shahidi, sura hii mpya naifuta. Na ile ya zamani umeshaikana mwenyewe. Utabaki na nini?"

Mjukuu angeweza kugeuka nyuma akamtazama Bibi, ingetosha. Hakugeuka. Feni ikalalamika kushoto, ikalalamika tena. "Nitabaki na kosa langu, mwalimu," akasema mwishowe.

Ndipo Bibi aliposikia magoti yake mwenyewe yakilia, akajua amesimama.

"Mama, hapa wasikilizaji hawasemi," mwenyekiti alisema, kwa upole.

"Najua, baba. Nimekaa bila kusema miezi minne, ndiyo maana tumefika hapa." Mama mnene akainua kichwa. "Shahidi ni mimi. Alama ya duara ni yangu. Ninashona tisa, na hayo matano wananishonea."

"Nani wanakushonea?"

"Hao nimekatazwa. Nimejitaja mimi, na jina langu ni mali yangu."

Mwenyekiti alimtazama muda mrefu, tangu kilemba mpaka viatu. "Na kwa nini wanakushonea?"

"Sasa mwanangu," Bibi akasema, "kama ningelijua hilo, huyu mtoto angekuja kwenu kutafuta nini?"

Mama mnene alicheka mpaka akaiangusha kalamu nyekundu. Mwenyekiti hakucheka. Aliandika, akakata, akaandika tena. Walinong'onezana. Kisha akavua miwani, ikaning'inia.

"Hujafaulu," akamwambia mjukuu. "Na hujafeli. Nakupa miezi miwili. Rudi mle chumbani, na safari hii usihesabu chaki. Hesabu mikono." Akaanza kukusanya karatasi zake, akasita. "Wanaoingia hapa kuniambia nadharia yao imeshinda ni wengi sana," akasema, lakini ilionekana hana zaidi ya hapo, akawaaga.

*

Msimamizi alipopata barua ya chuo alisema hataki tena mtu wa kukaa dirishani. Kuna cherehani cha kumi na mbili, kimefunikwa tangu mshonaji wake astaafu. Kama Daftari anakitaka miezi miwili, ashone kama wengine.

Kushona alijua kwa kuona, jinsi mtu anavyojua kuogelea kwa kukaa ufukweni. Siku ya kwanza alitoa mashati manne, na moja lilikuwa na mikono yote miwili ya kushoto. Treni alilivaa akazunguka nalo chumba kizima. Siku ya tano akafikisha sita. Alama yake ilikuwa pembetatu, na chini ya pembetatu ile yalilala mashati sita, mchana kweupe. Sasa walikuwa hawamfichi. Aliwaona wakichukua kwa Bibi, wakichukua kwa Mama Pacha, mbele ya macho yake. Kwake hakusogea mtu.

"Naona mimi si kiungo cha mwili," alimwambia Bibi nyumbani, akijipaka mafuta vidoleni. Hakusema kwa uchungu. Aliliandika.

Siku ya nane msimamizi alipita mezani, akauinua mzigo wa pembetatu kwa vidole viwili, kama panya. "Hiki ndicho nini? Chuo kizima kimeshona mashati sita? Ningekuwa mimi ningeona haya hata kuchora alama." Akautupa mezani. Mjukuu alishika utepe wake akaukunja, akaukunjua, akaukunja. Bibi aliiona shingo yake kwa nyuma ilivyowaka.

Siku ya tisa kengele ililia kama kawaida. Mjukuu alihesabu mzigo wake. Akahesabu tena. Akaufungua utepe, akayapanga mashati mezani mojamoja.

"Mimi nimeshona saba," alisema kwa sauti.

Wanawake kumi wazima walikuwa wanasafisha vyerehani vyao kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Hapa kuna kumi na manne."

"Labda yamezaana," Treni akasema, bila kugeuka.

Binti alivuta kiti. Mtu mwingine angeanza kushukuru, au kulia. Yeye alianza kuyachunguza yale saba ya ugenini, ndani nje, mshono kwa mshono, kama daktari. Haya matatu yenye mshono mrefu wa haraka, bila shaka ya mwenye mbio. Haya mawili yaliyobana kama ngumi, mtu wa karibu na mlango. Hili lenye alama ya maziwa begani. Akayatenga. Kisha akainua kichwa, na Bibi akaona ule uso, uso wa chini ya meza.

"Siku nane hamkunigusa. Jana msimamizi kanitukana, leo kumi na manne." Alikuwa anajisemea mwenyewe. "Kwa hiyo Kamba! Kamba nilimzika nusu, naye mzima! Aliyevutwa na upande ule anakuwa wa upande huu." Akachukua daftari. "Lakini Mama Pacha hakutukanwa na mtu..." Akasita, mkono ukaangukia shati la saba.

Aliligeuza. Mwanzo wa mshono wa kola ulikuwa umefungwa fundo mara mbili, na mstari ulipinda kidogo sana karibu na ncha, mahali ambapo jicho lenye ukungu hupoteza ukingo.

"Bibi."

"Abee."

"Wewe unashonewa matano."

"Ndiyo."

"Leo umeshona tisa?"

"Manane ya kwangu," Bibi akasema. "Hilo la tisa lilikuwa linapita tu."

"Yaani wewe upungukiwe zaidi, ili mimi nitimize. Kwa hiyo leo wamekushonea sita, ili wewe unishonee mimi moja." Mjukuu aliweka kalamu kwenye karatasi, akaiondoa, akaiweka tena. "Nani anaweza kunieleza hilo? Katika wote watatu, nani?"

"Mimi nitajuaje? Andika."

Akaandika. Bibi alisogea nyuma yake, akafuatisha kwa kidole hewani, neno moja moja: Anayepokea naye anatoa. Hili bado sijui kwa nini. Aliyaandika kwa wino, mwandiko umenyooka, mkono hautikisiki. Bibi alikuwa ameona watu wengi wenye elimu katika maisha yake, wa hospitalini, wa ofisini, wa majukwaani, na wote walijua. Alisimama pale akaitazama ile "sijui" ilivyokaa sawasawa kwenye mstari wake, asitake kuondoka, mpaka Treni alipozima taa ya upande wake.

"Daftari, kusanya vitu vyako twende! Na andika hapo vizuri kwamba kesho unashona mwenyewe. Mgongo wangu si mali ya chuo."

"Nimeandika, Mama Treni. Umeondoka saa kumi na moja na dakika nane."

"Mnamsikia? Mnamsikia huyu?"